Ndoto ya Ziwa na Nyumba Isiyopumua

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya maji, na kabla ndoo hazijajaa ulikuwa umekwisha kuzunguka Dzaleka nzima, kambi ya wakimbizi huko Malawi: anayeota ziwa, ziwa linamwita, na akiitika haamki.

Annuarite aliucheka. Alikuwa mjumbe wa kamati ya ulinzi, mwanamke pekee humo, na maneno ya watu ndiyo kazi aliyopewa. Wanaume walifukuza wezi, yeye alifukuza uvumi. Lakini huu ulimganda mwilini kama ile mvua ya baridi wanayoiita chiperoni, isiyonyesha wala isiyokatika. Akisonga nsima, ugali wa huku, uko. Akisali, uko. Maana tangu baridi iingie watu wawili walikuwa wamekufa usingizini. Nyandwi alifia mjini Lilongwe, mtaa wa Biwi. Ciza mshonaji alifia hapa hapa kambini, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi.

Halafu Jumamosi ile asubuhi, ukungu umelala juu ya mapaa kama pamba, binti yake Cadeau akaketi kitandani, kashika kichwa kwa mikono miwili, anatabasamu kama mtu aliyetoka harusini.

"Mama, nimeota maji. Mingi, mingi, haina mwisho. Mama mumoja alikuwa ananiita jina."

"Maji gani? Ya bomba?"

"Apana. Ilikuwa inang'aa. Na milima iko ng'ambo."

Cadeau alitoka kwao Uvira akiwa mgongoni, hajui hata kutambaa, siku vita ilipoingia kwenye barabara yao. Ziwa Tanganyika hakuwahi kuliona kwa macho yanayokumbuka. Annuarite alimvika sweta, akamtoa nje yeye na wadogo zake, akawaacha kwa bibi yao, akaenda kwa mwenyekiti bila kunywa chai.

Josué, mwenyekiti wa mtaa, mtu wa Fizi mwenye sauti ya kuhubiri, alikuwa mlangoni pake kajifunika blanketi mbili.

"Mama Cadeau, kazi yako imekuwa rahisi. Bantu bamekwisha kuamua. Ni Kibibi."

"Kibibi wa maharage?"

"Njo huyo. Siku Ciza amekufa, alikula maharage ya Kibibi. Nyandwi naye, siku amekufa, Kibibi alionekana Biwi. Na bamama benye kumuosha Ciza banasema viganja vilikuwa vyekundu, kama ameshika mawese. Hiyo ni sumu, dada. Kesho bakitoka ku kanisa, batabomoa nyumba yake na kumufukuza. Mi siwezi kubazuia."

"Nipe mpaka hiyo kesho."

"Nikupe ya nini? Unatafuta nini tena?"

"Sumu yenyewe. Umeiona?"

Josué akakohoa ndani ya blanketi. "Mpaka ibada iishe. Ikiisha, imeisha."

Akamwandikia cheti cha kutoka kambini, endapo atataka kwenda mjini, akarudi ndani kwenye joto.

*

Nyumba ya Ciza ilikuwa fahari ya mtaa. Nyumba nyingine, za matofali mabichi na nyasi, zilikuwa na mwanya kati ya ukuta na paa, na upepo wa wilaya hii ya Dowa ulipita humo usiku kucha ukipiga mluzi. Ya Ciza haikuwa na mluzi. Udongo mpya, laini, wa kijivu, ulipanda ukutani mpaka ukalibusu paa. Dirisha lilijazwa gunia, kisha likapakwa. Ndani, chini ya nyasi, shitingi, ile plastiki ya msaada, ilitandazwa na kubanwa pembe zote.

Annuarite alivuta mlango nyuma yake. Kelele za kambi zikazimika. Kikabaki kimya chororo, cha kubembeleza, na nuru ya samawati ikichuja kwa shida katika plastiki, kama anayoiona mtu aliyezama na kufumbua macho. Akatamani kuketi. Badala yake aliusukuma mlango wazi, akaanza kazi.

Kitanda. Miguuni pa kitanda, mbabula, jiko la makaa la bati, majivu meupe hadi ukingoni. Alichuchumaa akachungulia uvunguni. Kuku alikuwa ameatamia mayai, kichwa ubawani. Alimgusa kwa kidole. Kakauka. Hakuna damu, hakuna manyoya yaliyotawanyika. Amekufa kama alivyolala. Karibu na ukuta, panya naye kalala chali, tumbo juu, hana habari.

Nje, nyuma ya nyumba, majirani walikuwa wamemwaga yale maharage. Kuku mwingine, kishingo, asiye na manyoya shingoni, mkia umenyofoka, alikuwa akiyaparura na kumeza kwa raha zake.

"Huyu ni wa nani?" Annuarite alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akianika nguo.

"Wa Ciza pia. Analala mu jikoni ya inje, sababu hataki kulala na benzake."

"Na haya maharage ameanza kuyala lini?"

"Tangu bameyamwaga. Tunamufukuza, anarudia."

"Na hajafa."

"Huyo?" Mama akabana kibanio cha nguo kwa meno. "Huyo ni mulozi mwenzake Kibibi."

Annuarite hakucheka. Kuku wa ndani hakula maharage, amekufa. Kuku wa nje amekula, ananenepa. Akaenda kliniki.

*

Esperance, mjane wa Ciza, alikuwa amelazwa karibu na dirisha, macho yake mbali. Walimkuta siku ile yuko hai kwa shida, mumewe kitandani amepoa.

"Yaya, dada yangu, pole. Nimekuja kukuuliza."

"Uliza. Kila mutu anauliza nilikula nini. Sikukula kitu. Ilikuwa juma ya maombi, nilikuwa nafunga. Maharage alikula Ciza peke."

"Basi mi siulizi ulikula nini. Ulilala wapi?"

Esperance akageuza kichwa polepole, kama swali lilitoka upande asioutegemea.

"Ku kitanda… Apana. Kichwa ilikuwa inaniuma. Nikatandika mukeka chini, karibu na mulango."

"Mlango unagusa chini?"

"Haugusi. Kuna nafasi ya kuingiza mukono. Fundi alisema atarudia kuiziba."

"Na mbabula ilikuwa na moshi?"

"Asha! Sisi si bajinga. Moshi inauaka. Tuliiacha inje mpaka moshi ikwishe, makaa yote ikuwe nyekundu, safi. Njo tukaiingiza." Halafu sauti ikamlainika. "Nilikuwa Uvira, yaya. Mama yangu alikuwa anafua. Ule mama alikufa ku vita ya kwanza ya kwetu, unamujua. Akanitupia kitenge yenye maji, akacheka. Sikutaka kuamuka. Usiniambie ilikuwa uchawi. Ilikuwa kitu muzuri."

Annuarite alimfunika vizuri, akatoka kwenda kwa Kibibi.

*

Kibibi, mtu wa Kindu, mwenye mwili na maneno mengi, siku hiyo alikuwa na maneno machache. Sufuria yake ya maharage ilikuwa imejaa na benchi ya wateja iko tupu.

"Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Ulimpa Ciza maharage?"

"Nilimupa. Alinishonea, nikamulipa kwa chakula. Na bengine bote balikula sufuria ile ile. Mbona bako bazima?"

"Biwi ulikwenda lini?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Biwi? Sijafika huko."

"Umeonekana."

"Aliyeniona ana macho ya popo."

"Kibibi. Kesho wanakuja na majembe. Ukinidanganya mimi, nani atabaki wa kukutetea?"

Kibibi aliketi kwenye benchi yake mwenyewe, mahali pa mteja. "Sina karatasi ya kutoka kambi. Nikikubali, polisi itaniweka ndani. Nilimupelekea kaka yangu chakula. Asumani. Alikuwa na kazi kule kwa Nyandwi."

"Kazi gani?"

"Ya kuziba nyumba. Si unajua, sisi bote tumetoka fasi ya joto, hii baridi ya Malawi inatutesa. Kila mutu anamwita. Ya Ciza ni yeye. Na yako," akasema, "si ni yeye?"

Annuarite alihesabu kwa vidole. Mkono wa Asumani ulikuwa kwenye nyumba ya Nyandwi. Ulikuwa kwenye nyumba ya Ciza. Na juma lililopita ulikuwa kwenye nyumba ambamo Cadeau aliota ziwa.

"Asumani yuko wapi?"

"Ameenda Mponela kutafuta nyasi. Atarudia jioni. Mama Cadeau, kaka yangu hawezi kuua hata siafu!"

Lakini Annuarite alikuwa amekwisha kupanda kabaza, mwendesha baiskeli akikanyaga kuelekea barabara kuu, na upepo ukimtoa machozi.

*

Chumba cha Nyandwi huko Biwi kilikuwa kimoja, cha kupanga, cha saruji. Aliyebaki humo alikuwa Épitace, mchuuzi wa viatu vya mtumba, mtu mwembamba aliyezoea kulalamika. Walikuwa wakiishi wawili, yeye na Nyandwi.

"Siku ile mlikula nini?"

"Samaki. Sahani moja, mikono miwili. Hata kichwa cha samaki tuligombania. Kama ni sumu, mi pia ningekuwa maiti."

"Maharage ya Kibibi?"

"Kibibi alileta kwa kaka yake, akala kaka yake. Sisi hakutuonjesha. Choyo ile!"

"Ulilala wapi?"

Épitace akaonyesha sakafu, kizingitini. "Hapa, kama mbwa. Nyandwi njo alikuwa mukubwa, kitanda yake. Upepo chini ya mulango ulinikula mugongo usiku muzima. Nililaani, mama, nililaani mpaka nikamukosea Mungu."

"Omba radhi. Na Nyandwi?"

"Alikuwa anaongea mu ndoto. Anacheka. Anasema 'nakuja, nakuja.' Nikasema, muache, anakula raha. Asubuhi viganja vyake vyekundu, nikazani amepona homa."

Kabla Annuarite hajauliza tena, mwenye nyumba aliingia na fagio, mwanamke wa Kimalawi, mfupi, mkali, akaanza kusema Kichewa bila kuvuta pumzi. Alielekeza fagio juu ya dirisha. Pale kwenye ukuta kulikuwa na safu ya matundu ya kupitisha hewa, yote yamezibwa kwa udongo wa kijivu, laini.

"Anasemaje?"

Épitace alijikuna shingo. "Anatutukana. Anasema tumemuharibia nyumba. Ati matundu ile si fundi alisahau, aliiweka kwa makusudi, nyumba ipumue. Anauliza kwetu tunalalaka na mbabula ndani na mulango umefungwa?"

"Mwambie kwetu hatulali na moto. Kwetu kuna joto."

Mwanamke alisikiliza, akatikisa kichwa. "Pepani, amayi," akasema, pole mama, kwa sauti nyingine kabisa. Alipanda juu ya kiti, akachomeka mpini wa fagio kwenye tundu la kwanza. Udongo ukadondoka. Mstari wa jua ukaingia chumbani, vumbi likicheza ndani yake, na Annuarite alisimama akiutazama kana kwamba kuna mtu kamwandikia jibu hewani.

Waliolala kitandani, mbali na mlango, wamekufa. Waliolala kizingitini wako hai. Chakula hakina habari nao. Kuku wa uvunguni, panya wa ukutani, Nyandwi, Ciza: wote walivuta hewa moja. Na moto wao haukuwa na moshi, ndiyo maana hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeamka. Walisubiri moshi uishe wakidhani hatari nayo imeisha. Makaa mekundu yalikuwa na pumzi nyingine, isiyo na rangi wala harufu, ndiyo iliyoacha viganja vyekundu, na wao waliifungia ndani pamoja nao.

Saa hizi bibi wa watoto atakuwa anawasha mbabula.

"Mama, chai bado!" Épitace aliita. Annuarite alikuwa amekwisha kutoka.

*

Alipofika nyumbani kwake, alimkuta Asumani. Alikuwa akipapasa ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepapasa ng'ombe wake. Mlangoni, nje, mbabula ilikuwa inawaka, bibi akiipepea. Moshi ulikuwa bado haujaisha. Annuarite aliwahesabu watoto kwa macho. Wote wako nje.

"Karibu, mama Cadeau. Nimepita kuangalia kazi. Inashika joto?"

"Kindu ulikuwa fundi wa nini, Asumani?"

"Tanuru. Za mikate. Bantu ba Kindu bote balikula mukate wa tanuru yangu." Akacheka. "Udongo, majivu, nyasi ya kukatakata. Ukiziba hivyo, joto haitoki hata tone."

"Na tanuru likifungwa, makaa ndani, mtu anaweza kuingia humo akalala?"

"Nani huyo mwenye wazimu? Anakufa, hata kama moshi…"

Hakumaliza. Kiganja chake kilibaki ukutani. Alitazama paa, akatazama dirisha lililozibwa, akatazama watoto. Kisha aliteremka taratibu akakaa chini kwenye vumbi.

"Nimebajengea tanuru," akasema.

"Umewajengea walichokuomba. Nami nilikuomba. Simama. Kesho nitakuhitaji, na mwiko wako."

Usiku huo watoto walilala kwa jirani, kwenye nyumba yenye mluzi, wakilalamika wote kwa pamoja.

*

Ibada ilipoisha walitoka kanisani moja kwa moja na majembe. Annuarite aliwangoja mbele ya nyumba ya Ciza, Kibibi upande mmoja, Asumani upande mwingine, na kwapani kashika yule kuku kishingo asiye na mkia.

"Josué! Huyu kuku ulisikia habari zake?"

"Nasikia ni mulozi."

"Amekula maharage ya Kibibi siku zote hizi. Kama maharage yanaua, aje mmoja wenu aniambie huyu anaishi na nini."

Wachache walicheka. Majembe yakashuka kidogo. Mlangoni kulikuwa na mbabula, makaa mekundu, hayana moshi hata uzi. Aliiingiza ndani, akamweka kuku kitandani kamfunga mguu, akafunga mlango, akaziba nafasi ya chini kwa gunia.

"Sasa tuimbe," akasema. "Si mmetoka kanisani?"

Waliimba, mwanzo kwa hasira, halafu kwa sauti ya kawaida, halafu, kwa baridi ile na ukungu uliokuwa ukitambaa miguuni, kwa upole kama watu wanaobembeleza mtoto. Nyimbo za Uvira, nyimbo za Fizi, hata zile za kuvuka ziwa. Zilipokwisha wazijuazo, Annuarite alifungua mlango akavuta pumzi nje, akaingia mbio, akatoka na kuku.

Shingo ilining'inia. Mdomo wazi. Upanga wa kichwani umewiva, mwekundu kama pilipili.

"Amekufa," mtu akanong'ona.

Alimlaza chini kwenye upepo. Ukapita muda. Ukucha mmoja ukatikisika. Jicho likafunguka, likafunga, likafunguka. Kuku akasimama, akayumba kama mlevi wa kachasu, akakaa tena.

"Ametoka ku ziwa," alisema yule mama wa nguo, na safari hii hakutania.

Josué alimpa mwenzake jembe, akaenda mbele ya Kibibi.

"Mama Kibibi. Unitolee sahani ya maharage."

"Ya kupeleka wapi?"

"Ya kula. Hapa. Mbele yabo bote."

Alikula amesimama, mpaka sahani ikawa nyeupe. Kibibi alimtazama, mikono kiunoni. "Na uilipe," akasema, na hapo ndipo watu walipocheka kweli.

Yale majembe hayakurudi bure. Asumani alitangulia na mwiko, nyumba hadi nyumba, akifungua alichofunga. Esperance, aliyeletwa amejifunika shuka, aliona tonge la kwanza la udongo likianguka kutoka ukuta wa Ciza.

"Kwa hiyo mama yangu hakuniita," akasema.

"Sijui aliyekuita, yaya," Annuarite akajibu. "Najua tu kilichokulaza."

Jumatatu asubuhi, baada ya usiku wa kwanza chini ya mwanya mpya, Annuarite alikuwa kando ya kitanda kabla Cadeau hajafumbua macho.

"Umeota nini?"

"Hakuna kitu." Mtoto akanuna, akavuta blanketi. "Miguu tu, baridi! Mama, hii nyumba mubaya."

Annuarite aliketi chini akaificha ile miguu kwapani pake, ya barafu, inayopiga mateke, akacheka hadi bibi akaja kuuliza kuna nini.

Basi wewe mwenye nyumba, mwezi wa sita ukiingia na baridi yake, epuka haya:

Usilale na mbabula ndani, hata kama makaa ni mekundu na moshi umeisha. Hasa kama moshi umeisha.

Usizibe mwanya wote wa chini ya paa. Punguza upande wa upepo, acha upande wa pili.

Usijaze matundu ya juu ya dirisha. Fundi hakusahau.

Usibane shitingi pembe zote.

Usiweke gunia chini ya mlango ukiwa na moto ndani.

Usiwape wazee na watoto kitanda cha pembeni kabisa, mbali na hewa, eti ndiko kwenye joto.

Usiseme kichwa kinachouma asubuhi ni malaria kabla hujatoka nje ukavuta hewa.

Usimwite jirani mchawi kabla hujauliza marehemu alilala wapi.

Na mtoto akikuambia ameota kitu kizuri mno, usitabasamu naye. Fungua mlango.